Boksi la mzee wa Belle Vue: namna ya kusoma vijitabu vya zamani vya spidiwei

Swali: Nahudumia mzee wa miaka 83 hapa Manchester. Ana boksi la vijitabu vya programu za mbio za pikipiki za Belle Vue, kuanzia 1958 hadi 1987, na vingi vimejazwa kwa penseli. Kila jioni anavitoa na kutaja majina: Craven, Mauger, Sjösten, Collins. Mimi naitikia tu. Anasema pikipiki zile hazikuwa na breki, nikadhani ananitania. Zile alama za penseli zinasema nini? Hao watu walikuwa nani? Nimuulize nini ili aone namfuata? Pia karatasi zimeanza kuwa njano na pini zina kutu.

Jibu:

Mzee hakutanii, dada. Mbio hizo zinaitwa spidiwei, na Belle Vue ni timu ya hapo Manchester. Pikipiki ya spidiwei haina breki, si mbele si nyuma, na hadi leo ni hivyo. Haina gia za kubadili pia. Ina klachi, gia moja, injini ya silinda moja ya cc 500, na inakunywa methanoli tupu badala ya petroli. Watu wanne wanapanga mstari nyuma ya utepe, utepe unaruka juu, wanazunguka mara nne kwa kushoto kwenye njia ya duara refu iliyomwagwa mawe mekundu yaliyosagwa, na yote yanaisha kwa dakika moja na sekunde kadhaa. Breki zimekatazwa kwa usalama: wanne wakiwa bega kwa bega, mmoja akishika breki ghafla, wa nyuma yake hana pa kwenda.

Mwendo wanaupunguza kwa kuserereka. Mwendeshaji anapoifikia kona anabana mafuta kidogo, anaisukuma pikipiki itoke kwenye mstari, anaweka chini mguu wa kushoto uliovikwa kiatu cha chuma, kisha anafungulia mafuta tena. Tairi la nyuma linazunguka kwa kasi kuliko ardhi inayopita chini yake, linatupwa nje upande wa kulia, na usukani anaukata kulia ilhali kona inakwenda kushoto. Tairi likiwa limekaa kiubavu namna hiyo ndilo linalokula mwendo. Kile kiatu cha chuma si breki, kinateleza tu ili kumpa mizani. Akikiegemea sana, uzito unatoka kwenye gurudumu la nyuma na pikipiki inamponyoka.

Kosa la mgeni ni lilelile tangu mwaka 1928. Akiogopa katikati ya kona anafunga mafuta. Tairi la nyuma linashika ardhi ghafla, pikipiki inajinyoosha, na yeye anarushwa juu ya usukani au anapelekwa moja kwa moja kwenye uzio. Kwa hiyo anayejifunza hufundishwa kinyume cha silika yake: hofu ikija, mafuta yabaki wazi. Hilo ukilielewa, nusu ya hadithi za mzee utazielewa, kwa sababu ndani ya kona ndimo wazee hawa walikompimia mtu.

Sasa vijitabu. Anza na kimoja cha baada ya mwaka 1965, ndivyo vyepesi. Mwaka huo ligi mbili zilizokuwa zikigombana ziliunganishwa kuwa Ligi ya Uingereza yenye timu 18, na mechi ikawa na mbio 13. Kila timu ina watu saba. Kila mbio ina wawili wa nyumbani na wawili wa wageni. Wa kwanza anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa nne hapati kitu. Mbio moja inagawa pointi 6, mbio 13 zinagawa 78. Ndiyo maana utaona mzee kaizungushia duara namba 40: nusu ni 39, na timu inayofika 40 haiwezi tena kukamatwa. Vijitabu vya kabla ya hapo vina mpangilio mwingine wa mbio, lakini hesabu ya 3, 2, 1 ni ileile.

Rangi zilizoandikwa kando ya majina ni za vifuniko vya helmeti. Wenyeji huvaa nyekundu na bluu, wageni nyeupe na njano; kwenye vijitabu vya zamani hiyo njano imechanganywa na nyeusi. Vizibao vya timu vilikuwa vinalowa tope baada ya kona mbili, kwa hiyo watazamaji walifuata helmeti. Mzee akikwambia alikuwa akitazama nyekundu, ana maana mmoja wa Belle Vue.

Tuchukue mfano. Nyekundu kashinda, nyeupe wa pili, bluu wa tatu, njano kaanguka. Kwenye visanduku utaona 3, 2, 1 na herufi F. Pembeni ataandika 4-2, yaani nne kwa wenyeji, na chini yake jumla inayopanda: kama ilikuwa 14-10, sasa ni 18-12. Wote wanne wakimaliza, tofauti kubwa kabisa katika mbio moja ni 5-1, pale wawili wa timu moja wanapochukua nafasi mbili za mbele. Hyde Road, uwanja wa Belle Vue, ulikuwa ukilipuka kwa 5-1 kuliko kwa jambo lingine lolote.

Herufi nyingine: R ni aliyeachia njiani, mara nyingi kwa injini au cheni. X ametolewa na refa. N hakuanza. T amegusa utepe kabla haujaruka, na enzi hizo adhabu yake ilikuwa kutolewa kwenye mbio ile, akiba akaingia mahali pake. M ni aliyechelewa kupita dakika mbili. Refa akiwasha taa na kengele, mwendeshaji ana dakika mbili za kufika kwenye utepe, na injini isipowaka ndani ya muda huo habari yake imekwisha. Ukiona jina limekatwa na jingine limeandikwa juu yake kwa haraka, hapo meneja amefanya mabadiliko. Timu iliyoachwa kwa pointi 6 au zaidi iliruhusiwa kumwingiza mtu wake mkali badala ya dhaifu. Maandishi ya hapo huwa mabaya kwa sababu mzee alikuwa anaandika huku tangazo likisomwa.

Kuna alama moja ndogo ambayo watu wengi huiona kama uchafu: kikoma kinachoning'inia juu ya namba, kama 2' au 1'. Hiyo ni pointi ya nyongeza. Anapewa mtu aliyemaliza nyuma tu ya mwenzake wa timu, huku mpinzani akiwa nyuma yake. Timu haipati chochote kwa alama hiyo, lakini mwendeshaji analipwa kana kwamba kapata pointi moja zaidi. Sababu yake ni ya kibinadamu kabisa. Watu hawa walilipwa kwa kila pointi. Bila nyongeza, mtu anayemfuata mwenzake angejaribiwa kumpita ili apate ya tatu, wagongane, na timu ipoteze zote tano. Kwa nyongeza, wa pili analipwa sawa na wa kwanza, basi anatulia na kumzibia njia mpinzani. Mtu aliyeshinda mbio zake zote nne ana 12. Mwingine aliye na 10 na vikoma viwili naye anahesabiwa 12 kwa malipo. Ukiziona hizo za vikoma, usidhani ni za chini. Aliyemlinda mwenzake mara mbili usiku mmoja amefanya kazi ngumu kuliko aliyekwenda mbele peke yake.

Hesabu ya mwisho ni wastani. Unajumlisha pointi na nyongeza zote za msimu, unazidisha kwa 4, unagawanya kwa idadi ya mbio alizokimbia. Mtu mwenye pointi 7 na nyongeza 1 katika mbio 3 ana 8 × 4 ÷ 3, yaani 10.67. Aliyepita 10 alikuwa nyota, wa 6 au 7 ni mchezaji wa kutegemewa, wa 3 ni akiba anayeangalia mlango. Kama mzee ana namba zenye desimali kwenye ukurasa wa nyuma, ndizo hizo.

Ushauri wangu ni huu: usimuulize kwanza juu ya mabingwa wa dunia. Muulize juu ya namba 7. Namba 1, 3 na 5 ni vinara, 2 na 4 ni wasaidizi, 6 na 7 ni akiba. Mbio ya pili ya usiku ilikuwa ya akiba kwa akiba, na ndipo mechi nyingi zilipoamuliwa, kwa sababu vinara wa timu mbili kubwa hukatana pointi. Vinara wawili wakigawana 3-3 usiku kucha, anayeamua ni yule kijana wa namba 7 aliyeokota pointi moja ya tatu kwa kukataa kuanguka. Mabingwa wapo kwenye kila orodha. Namba 7 wapo kwenye penseli ya mzee tu.

Tazama pia kurasa za mwisho. Mechi ikiisha, zilikuwepo mbio za ziada, nusu ya pili ya usiku, ambamo vijana wasio na timu walipewa nafasi mbele ya umati uliokuwa tayari unatafuta makoti. Ivan Mauger alianzia huko. Alifika London mwaka 1957 kutoka New Zealand akiwa kijana mdogo tayari ana mke, akafanya kazi za mikono kwenye uwanja wa Wimbledon, akapata mbio chache, akashindwa, akarudi kwao. Alirudi tena mwaka 1963 na kuingia timu ya Newcastle katika ligi ya chini. Mwaka 1968 akawa bingwa wa dunia, 1969 tena, 1970 tena. Enzi ile bingwa aliamuliwa kwa usiku mmoja, na hakuna mwingine aliyewahi kushinda fainali tatu za namna hiyo mfululizo. Mashabiki wawili wa Marekani waliichukua pikipiki yake wakaipaka dhahabu. Akaongeza 1972, 1977 na 1979, jumla sita.

Kwa Belle Vue, Mauger ni miaka ya 1969 hadi 1972. Klabu hiyo jina lake la utani ni Aces, yaani zile ree za karata, na kwa Mauger ilichukua ubingwa wa ligi mara tatu mfululizo: 1970, 1971, 1972. Sifa yake kubwa ilikuwa maandalizi. Wengine walibadilisha sproketi, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, wakiona wameshindwa; yeye alikuja na jibu tayari. Jino moja la ziada kwenye sproketi ya nyuma linampa mtu msukumo wa kuondoka kwenye utepe, lakini mwisho wa sehemu iliyonyooka injini inapiga kelele haina pa kwenda. Jino moja pungufu, kinyume chake. Uwanja unapolowa au kukauka, jibu linabadilika usiku huohuo. Mzee anaweza kukwambia Mauger alikuwa hapendezi kumtazama kwa sababu alitoka mbele na kubaki mbele. Wapo wengi wenye maoni hayo, na hawajakosea sana.

Sören Sjösten ndiye atakayemfanya mzee acheke. Alikuwa Mswidi, mwili mdogo, na alikaa Belle Vue kwa miaka mingi kuliko Mauger. Alimaliza wa tatu duniani mara mbili, 1969 na 1974. Hakuwahi kuwa bingwa, na kwenye vitabu vya kumbukumbu anapita kwa mstari mmoja, lakini Hyde Road walimpenda kwa sababu alikuwa anapita watu kwa nje, kando ya uzio. Hilo lina maelezo ya kifundi. Kila mbio inapopita, magurudumu yanakwangua mawe kutoka ndani na kuyatupa nje. Baada ya mbio tatu nne, njia ya ndani inakuwa ngumu na telezi kama sakafu, na kule nje kunajaa udongo uliolegea wenye mshiko. Mwenye moyo wa kwenda huko anapata kasi ambayo wa ndani hana. Mwenye moyo lakini asiye na mkono mwepesi anakuta tairi limeshika kupita kiasi, gurudumu la mbele linainuka, na uzio uko hatua mbili. Trekta huingia kila baada ya mbio kadhaa kuurudisha ule udongo ndani, na gari la maji nalo hupita. Maji kidogo, vumbi linawapofua watazamaji. Maji mengi, tope linaziba miwani kwenye kona ya kwanza. Wazee walimlaumu fundi wa uwanja kuliko refa.

Kwa Peter Craven nenda polepole. Alizaliwa Liverpool mwaka 1934, alikuwa mdogo wa umbo, na wakamwita mchawi wa mizani kwa jinsi alivyouhamisha mwili wake juu ya pikipiki iliyoonekana kubwa kuliko yeye. Bingwa wa dunia 1955 akiwa na miaka 21, tena 1962. Tarehe 20 Septemba 1963, kwenye mechi ya Edinburgh, mtu wa mbele yake alipata hitilafu ya injini, Craven akajaribu kumkwepa, akagonga uzio. Alifariki siku nne baadaye, tarehe 24, akiwa na miaka 29. Mwaka huohuo Belle Vue ilitwaa ubingwa wa ligi. Kama kwenye boksi kuna kijitabu cha mwisho wa Septemba au Oktoba 1963, huenda hakijajazwa kitu. Kiache kama kilivyo, na mwache aanze yeye.

Baada ya Craven, Waingereza walikaa miaka 14 bila bingwa, hadi Peter Collins alipochukua mwaka 1976 huko Chorzów, Poland. Huyu ni mtoto wa nyumbani kabisa. Alipitia Rochdale, timu iliyotokana na vijana wa Belle Vue walioitwa Colts, kisha akavaa kizibao cha Aces hadi 1986. Ndugu zake wanne, Les, Phil, Neil na Stephen, wote walikuwa waendeshaji. Mwaka 1977 alijiumiza vibaya mguu kwenye kifuniko cha mfereji uwanjani Hyde Road, akaenda fainali ya dunia Gothenburg hivyohivyo, kwenye mvua, na akamaliza wa pili nyuma ya Mauger. Muulize mzee kama angeshinda na mguu mzima. Utahitaji chai ya pili.

Nje ya Belle Vue kuna majina mawili huwezi kuyakwepa. Ove Fundin wa Sweden, mwenye nywele nyekundu, nyota wa Norwich, alishinda mara tano: 1956, 1960, 1961, 1963 na 1967. Barry Briggs wa New Zealand alishinda mara nne: 1957, 1958, 1964 na 1966, na kwenye fainali ya 1972 Wembley alipoteza kidole katika ajali. Ukiona kijitabu ambacho wageni ni Swindon wa miaka ya 1960, angalia kisanduku cha Briggs. Kama kuna 3 nne mfululizo, wenyeji waliteseka.

Ubingwa wa dunia wa enzi hizo uliamuliwa usiku mmoja. Watu 16, mbio 20, kila mtu anakimbia mara 5 na anakutana na kila mwingine mara moja tu. Hesabu inatimia bila mabaki: mbio 5 mara wapinzani 3 ni 15, na pointi za juu kabisa ni 15. Uzuri wake ndio ukatili wake. Cheni moja ikikatika, mwaka umekwisha. Fainali ya kwanza ilikuwa Wembley mwaka 1936, na Bluey Wilkinson wa Australia alishinda mbio zake zote tano, akatoka wa tatu, kwa sababu mwaka ule pointi za mchujo ziliongezwa kwenye hesabu. Bingwa akawa Lionel Van Praag. Wilkinson alisubiri hadi 1938. Jack Young alitwaa ubingwa mwaka 1951 akiwa mchezaji wa Edinburgh, timu ya daraja la pili, akarudia 1952. Na mwaka 1973, Chorzów, Jerzy Szczakiel wa Poland alifungana na Mauger kwa pointi 13. Wakarudishwa wawili peke yao kwenye utepe, Mauger akaanguka, Szczakiel akawa bingwa. Waingereza wa umri wa mzee huwa wanasema ni bahati. Mimi nasema aliyebaki juu ya pikipiki ndiye aliyeshinda, na kuserereka bila kuanguka ndiyo kazi yenyewe. Mwaka 1995 mtindo huo uliachwa, ukaja mfululizo wa Grand Prix kwa msimu mzima. Ni haki zaidi kwa bingwa. Lakini mshangao ulipungua.

Sasa harufu. Mzee akisema anaikumbuka harufu, anazungumzia mafuta ya nyonyo. Ndiyo, yaleyale ya kwetu ya dawa. Mafuta ya kawaida ya madini hayachanganyiki na methanoli, ya nyonyo yanachanganyika, na utando wake haukatiki kwa joto. Jina la kampuni ya Castrol lenyewe limetokana na nyonyo kwa Kiingereza. Injini hizi hazikuyarudisha mafuta tangini. Yalipita mara moja yakatoka, mengine yakaungua, na moshi wake mtamu ukaelea juu ya jukwaa. Methanoli nayo ina tabia zake. Petroli inahitaji hewa karibu mara 14.7 ya uzito wake, methanoli mara 6.4 tu, kwa hiyo kabureta inamwaga zaidi ya mara mbili. Inapoza injini na kuruhusu mgandamizo mkubwa sana. Lakini inavuta maji na kula madini, na fundi asiyeisafisha kabureta kwa petroli baada ya mbio anakuta ute mweupe Jumamosi inayofuata. Moto wake karibu hauonekani mchana, jambo baya zaidi kuliko yote.

Kwenye boksi hilo zipo enzi tatu za injini. Vijitabu vya 1958 ni vya JAP, iliyotengenezwa Tottenham, London, ambayo ilitawala tangu miaka ya 1930. Katika miaka ya 1960 ilisukumwa nje na ESO ya Czechoslovakia, ambayo baadaye iliitwa Jawa. Briggs ndiye aliyeziingiza kwa wingi Uingereza. Kisha 1975 ikaja Weslake ya Kiingereza yenye valvu nne badala ya mbili, na Collins alishinda 1976 juu yake. Jawa walilazimika kujibu kwa valvu nne zao. Matangazo ya vipuri kwenye kurasa za vijitabu yanaonyesha mabadiliko haya mwaka kwa mwaka. Usiyapite.

Timu nyingi utakazoziona upande wa wageni hazipo tena, na karibu kila mara chanzo ni ardhi. Norwich iliuzwa mwisho wa 1964 zikajengwa nyumba. Wembley, mabingwa mara saba kati ya 1946 na 1953, waliacha baada ya msimu wa 1956, wakarudi 1970 na 1971 tu. Wimbledon, mabingwa mara saba kati ya 1954 na 1961, walifunga 1991 na kurudi kwa muda mfupi tu miaka ya 2000. Cradley Heath, timu ya mabingwa wa dunia Bruce Penhall na Erik Gundersen, ilipoteza uwanja wake 1995. West Ham walikuwa na jeraha la namna nyingine: tarehe 14 Julai 1970, wakirudi kutoka ziarani, basi lao dogo lilipata ajali Lokeren, Ubelgiji, wakafa meneja Phil Bishop, waendeshaji wanne na dereva. Wazee hawatanii juu ya Lokeren.

Hyde Road yenyewe ilikuwa ndani ya bustani ya starehe ya Belle Vue, pamoja na wanyama wa kutazamwa, na ni uwanja uliofanya mbio hata vita vya pili vikiendelea. Uliuzwa 1987, ndiyo maana boksi linaishia hapo, na mahali pake pakawa pa kuuzia magari kwa mnada. Timu haikufa. Ilihamia Kirkmanshulme Lane, na tangu 2016 ina Uwanja wa Taifa wa Spidiwei papo hapo mtaani.

Kuhusu karatasi: njano inatokana na asidi iliyomo kwenye karatasi ya bei nafuu, haiondoki, ila unaweza kuichelewesha. Pini zenye kutu zitoe. Zifungue miguu kwa nyuma kwa kisu butu chembamba, moja moja, usizivute kwa mbele maana karatasi itachanika kwenye mkunjo. Usiweke nyingine, uzi wa pamba unatosha, au acha kurasa zilale zimepangwa. Mifuko ya plastiki laini ya PVC ni adui, inatoa tindikali na kunata kwenye wino. Chukua ya poliesta au karatasi isiyo na asidi. Gundi ya utepe wa kubandikia inapenya na kuacha doa la kahawia, na kuvifunika kwa plastiki ya moto hakurudishiki. Vilale bapa, si kusimama, kwenye kabati la ndani ya chumba wanamokaa watu. Darini kuna joto na baridi, kando ya rejeta kunakausha. Piga nakala kwa skana, rangi kamili, nukta 400 kwa inchi, ili penseli ionekane. Penseli usiifute wala usiikoleze. Wakusanyaji wengine hupenda kijitabu kisichoandikwa, lakini matokeo yenye vikoma vyake hayapo kwenye kisichoandikwa.

Akiweza kutoka, msimu ni kuanzia Machi hadi Oktoba. Piga simu uwanjani kwanza uulize kuhusu kiti na mlango wa karibu, fika saa nzima kabla, nunua kijitabu, na ubebe penseli mbili. Siku hizi mbio ni 15, pointi 90, kwa hiyo namba ya kuzungushia duara ni 46. Mwambie mapema, maana ataandika 40.